Aliandika Kwa Nini, Nasi Tukatupa

Habari za kifo cha mtaalamu wetu wa kompyuta zilinifikia Jumapili, nikinunua maziwa ya ngamia sokoni hapa Isiolo, na sitakuficha, msomaji wangu: kilichoniliza kwanza si mapenzi. Nililia kwa sababu Jumatatu nilikuwa niende hospitalini kumwuliza maswali. Ndiye aliyetengeneza programu ya kompyuta inayowatumia wafugaji ujumbe wa simu kuwajulisha zamu yao ya kunywesha mifugo kisimani. Mimi, mbali na kuandika safu hii gazetini, ndiye msimamizi wa ofisi inayoiendesha.

Mwaka jana tuliamua kuihamisha programu hiyo kutoka hifadhi yake ya zamani hadi mpya. Hifadhi ya namna hii hutunza kila badiliko: nani alilifanya, lini, na maelezo mafupi ya sababu. Aliomba wiki mbili ili ahamishe na historia yote. Nilimcheka. "Dada, leta tu ile ya sasa. Hiyo ya zamani tunapeleka wapi?" Alikuwa binti wa wasafirishaji wa hapa mjini, mkali wa maneno, lakini siku hiyo alishusha sauti. "Mzee, wallahi utakuja kunitafuta. Hapo ndio nimeandika kwa nini." Nilimpa hadi Ijumaa. Hifadhi ya zamani ikafungwa, kisha ikafutwa kabisa pamoja na historia yake.

Baadaye akaugua. Mwezi uliopita niliukuta kwenye programu mstari unaochelewesha, kwa muda wa saa tatu nzima, ujumbe wa kundi moja la wafugaji kule Kipsing. Nikaona ni uzembe au ubaguzi, nikaamuru ufutwe. Kesho yake makundi mawili yalifika kisimani pamoja, ng'ombe wakiwa na kiu, na mzee mmoja akavunjwa mkono. Nilimpigia simu kitandani kwake. "Hiyo ilikuwa makubaliano, mzee," alisema akihema. "Watu walikaa chini siku tatu. Wale wanatoka mbali wanakunywesha kwanza, hawa wa karibu wanangoja." Nikamwuliza kama kuna mistari mingine ya aina hiyo. "Iko mingi. Yote niliandika." Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua.

Sisi wakubwa wa ofisi tuna ugonjwa huu: tunabeba kitu, tunaiacha sababu yake nyuma, halafu tunajipongeza kwamba tumekwenda na wakati. Tangu mazishi nimeisoma programu ile mstari kwa mstari, na siwezi kutofautisha kosa lake na ahadi ya watu. Naogopa kufuta, naogopa kuacha. Wewe mwenye cheo, anayejua sababu akikuomba muda wa kuitunza, mpe akiwa bado hai, kwa maana mimi nimechelewa na sina wa kumwomba msamaha. Kiangazi kimekaza. Jana mfugaji mmoja alinipigia simu kuuliza kama zamu aliyotumiwa ni salama, apeleke ng'ombe na wanawe kisimani. Nikamwambia sijui.