Vitunguu vya Bi Haloo

Kwa miaka ishirini na sita alipokea simu za hospitali, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Haloo. Macho yalipozima akastaafu, na kaka yake akaja na shauri lililokwisha kupikwa: dada ahamie kwake, apewe kiti, atulie.

"Nitulie, kwani nimekuwa mtungi?"

Wiki ile ile akalima tuta nyuma ya jiko. Akafunga kamba kati ya vijiti viwili, akachora kifereji kwa kidole akiifuata, akapanda mbegu za vitunguu vya majani.

"Utang'oa miche ukidhani magugu," kaka alisema.

"Jani la nyasi ni bapa, kaka. La kitunguu ni mviringo kama uzi. Na nikikosea, harufu itanisuta."

Miche ikaota. Kila asubuhi alichutama akaipapasa mmoja mmoja, akang'oa magugu na kuiacha salama. Jumamosi moja wifi yake, mke wa kaka, alikuja kumjulia hali. Bi Haloo alipoingia ndani kuinjika chai, wifi akamwonea huruma, akainama tutani.

"Wifi, mbona nasikia vitu vinang'oka?"

"Nakutolea nyasi, zimejaa."

"Hebu lete mkono." Bi Haloo akatoka nje, akaunusa. "Nyasi gani hizi zinanuka kitunguu?"

Mistari miwili mizima ilikuwa imelala chini. Wifi akaangua kilio. Kaka, aliyekuja kumchukua mkewe, akaona amepata pa kushika.

"Si nilikwambia? Bustani ni kazi ya wenye macho."

"Na aliyeng'oa ni nani, mimi?"

Bi Haloo akapiga magoti, akaokota miche kwa kupapasa, akairudisha udongoni kabla mizizi haijakauka. Wao wawili akawatuma maji, nao wakateka. Hata hivyo theluthi ilikufa, na ilimuuma. Akapanda mbegu nyingine palepale.

Mwezi uliofuata kaka akaja na mkokoteni wa kubebea vyombo vya dada, amhamishe. Akamkuta seremala anapigilia mlango kwenye ua mpya uliozungushiwa bustani, komeo kwa ndani.

"Hili la nini, dada?"

"La kuwazuia wanaokuja kunisaidia. Ukifika, bisha hodi. Na mkokoteni huo usiende bure, kaniletee samadi."