Kadi Iliyofika Bila Mimi

Jumamosi moja ya ujana wangu imekataa kunitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia, ingawa nimechoka na ningependelea kunyoosha miguu. Vidole hivi unavyoviona vimepinda ndivyo vilivyokuwa vikitengeneza kadi. Bado vinatengeneza, ila siku hizi kadi moja hunimalizia siku nzima.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapa Dodoma mjini. Jumatatu hadi Ijumaa nilichapa maneno ya watu wengine, na wao wakikosea, aliyegombezwa nilikuwa mimi. Jumamosi ndiyo ilikuwa yangu. Nilikata manila, nikapika gundi ya unga wa ngano, nikapasua mabua ya mtama kwa wembe na kuyapanga yawe nyumba au ndege. Mtu wa ofisini akioa, akijifungua, mtoto wake akifaulu, kadi ilitoka kwangu. Walinisifu, nami sikufichi, nilipenda kusifiwa.

Rafiki yangu alikuwa Mwanahawa, Mrangi wa Kondoa aliyeolewa Hombolo, nje ya mji wetu. Meza zetu zilikuwa zimegusana. Kila Jumatatu aliniletea majani ya mzabibu kutoka uani kwake, ameyabana ndani ya gazeti yasikunjamane, maana alijua yakikauka yanapendeza kwenye kadi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniomba kadi hata moja.

Basi Ijumaa moja jioni zikaja habari kwamba mama yake, aliyekuwa akiishi naye huko Hombolo, amefariki, na mazishi ni kesho yake. Ofisi ikatoa gari la kutupeleka, liondoke saa tatu asubuhi. Niliamka mapema, nikakaa kitandani, nikajiona mzito. Sikuwa naumwa, mwanangu. Nilikuwa nimechoka tu, tena ilikuwa Jumamosi. Nikajiambia kwamba Mwanahawa ananijua, nitamtengenezea kadi ya pole ambayo sijawahi kutengeneza mfano wake, naye ataelewa. Nikapika gundi, nikabandika jani kubwa la mzabibu, mojawapo ya yale aliyoniletea yeye, nikaandika maneno ya kumfariji kwa wino mweusi. Kisha nikakimbia hadi kwenye gari na kumkabidhi bahasha Mzee Madeje, mhudumu wa masjala yetu, Mgogo mmoja mtaratibu ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Aliitazama bahasha, akaitazama miguu yangu iliyokuwa na kandambili za nyumbani, akapanda gari.

Jumatatu aliniita kando ya makabati ya mafaili. Nikamwamkia, akaitikia.

"Binti yangu," akasema, "mwenzako alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Nikampa bahasha yako, akaniuliza wewe uko wapi. Nikamwambia unaumwa. Mimi na mvi zangu hizi, umenifanya niseme uongo msibani."

Nikamwomba radhi. Akaniambia radhi hiyo haikuwa yake, nikamwombe mwenyewe, tena nisichelewe. Siku nzima nilichapa barua bila kujua ninachapa nini.

Nikadhamiria kabisa kwamba Mwanahawa akirudi kazini nitamwambia ukweli. Alirudi wiki iliyofuata, amekonda, kajitanda khanga nyeusi. Kabla sijafungua kinywa, akanishika mkono na kuniuliza, "Nilisikia unaumwa. Unaendeleaje?"

Hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Nilimjibu, "Sasa nina nafuu." Yeye mfiwa, ananipa pole mimi, nami nikaipokea.

Tuliendelea kukaa meza zetu zilezile. Tulisalimiana vizuri, tulikunywa chai pamoja. Ila majani ya mzabibu hayakuja tena. Nikajifanya kuamini kwamba mzabibu wake umekufa, au kwamba msiba umemsahaulisha. Sikumuuliza, maana niliogopa jibu. Miaka ikapita, tukastaafu, yeye akarudi Kondoa kwao, nikabaki na kadi zangu na uongo wangu.

Mwaka juzi mume wangu alifariki. Simu ilijaa pole za kila namna, picha za mishumaa na maua yanayometameta, nyingine mtu kaipokea kutoka kwingine akaisukuma kwangu kama ilivyo. Nilizitazama, nikaiweka simu chini. Mchana wa siku ile ile nikamwona mwanamke akiingia getini taratibu, goti linamsumbua, begi dogo mkononi. Alikuwa Mwanahawa. Alikuwa amepanda basi la asubuhi kutoka Kondoa. Alilala mkekani pamoja nami siku tatu, akinilazimisha kula, akinifunga khanga ikinidondoka.

Siku ya tatu tulikuwa tunachambua mchele, yeye na mimi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mwanahawa, siku ya msiba wa mama sikuwa naumwa."

Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Nilijua," akasema. "Nilipoifungua ile kadi, gundi ilikuwa mbichi, ikaninata vidoleni. Mgonjwa gani anapika gundi asubuhi?"

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema, miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nililia, mwanangu, kuliko nilivyolia kaburini. Na yeye akaniacha nilie, mpaka mchele ukaisha.

Sasa nisikilize, kwa sababu nguvu za kurudia sina. Tengeneza kadi. Ni kazi nzuri, inatuliza moyo, na mtu akipewa kitu kilichokatwa kwa mikono anajua amekumbukwa. Lakini kwenye msiba wa mtu wako peleka miguu kwanza, hata kama umechoka. Kadi haimshiki mfiwa mkono, wala ujumbe wa simu haumchemshii uji. Na ikitokea umekosa, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilimngojesha rafiki yangu karibu maisha yetu yote, naye alikuwa ameshanisoma kabla gundi haijakauka.

Tangu siku ile, kila Idi namtengenezea Mwanahawa kadi na kuipeleka mwenyewe Kondoa kwa basi. Ya mwaka huu ipo pale mezani, inakauka. Ina jani la mzabibu. Alinipa mwaka jana nilipomtembelea, limebanwa ndani ya gazeti.

Mungu akujalie marafiki wa kukungoja, mwanangu, na akuepushe na kuwangojesha. Akupe miguu ya kukufikisha kwao ungali na nguvu. Haya, niletee ule mto, niegemee kidogo.