Safari ya Remba, Kanisa Letu Lilipokuwa Stoo

Niliondoka Masara kwa sababu ya aibu, na sitaki kuzungushazungusha. Mimi ni katekista, mwalimu wa dini, wa kanisa dogo la mabati, na ufunguo wake hukaa mfukoni mwangu. Hapa kwetu watu huchimba dhahabu, na hakuna nyumba yenye kufuli nzuri kama ya kanisa. Basi wachimbaji wakitoa mawe shimoni, na zamu yao kwenye mashine ya kusaga haijafika, huniomba niwawekee magunia humo. Mwizi wa Masara humwogopa Mungu kidogo na kufuli sana. Nikawa nakubali. Na niseme yote: manne kati ya magunia hayo yalikuwa yangu.

Kwa miaka mingi tulikuwa tumeomba Ekaristi Takatifu ihifadhiwe kwetu. Padre huja mara moja kwa mwezi, tena barabara ikikubali. Aliyeomba kuliko wote ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka themanini na miguu iliyovimba, asiyeweza tena kufika parokiani. Mwezi wa mvua ukiingia, anakaa bila Komunyo, na huo ndio wakati anapokuwa mkimya hata chai haimalizi.

Siku moja ya kazi Padre akaja bila taarifa. Alikuwa na habari njema kwamba ruhusa imepatikana. Nikamfungulia mlango kwa furaha, nikiwa nimesahau kabisa. Magunia yalikuwa yameegemea altare pande zote, na moja lenye tope lilikuwa juu yake.

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Mwalimu," akasema, "nimwache Bwana hapa akulindie mawe?"

Alirudi garini. Kabla ya kuondoka aliteremsha kioo akaniambia niende Kisiwa cha Remba, huko ziwani, nikaone watu wenye nafasi ndogo kuliko sisi na kelele nyingi kuliko zetu wanavyotunza kanisa lao. "Ukirudi, nipigie," akasema. Jioni mama alipata habari. "Wuoda, mwanangu," akasema, "umemfukuza mgeni mlangoni." Sikupata usingizi.

Jumatano alfajiri nilipanda boda boda hadi Migori mjini, kisha gari la Rongo, na kutoka hapo la Homa Bay. Njia nzima nilikuwa nabishana na Padre kichwani. Yeye anakaa kwenye nyumba ya mawe, nilijiambia, anajua nini kuhusu wezi?

Saa tano nilikuwa Homa Bay. Nikaingia sokoni, nikanunua maua ya plastiki, mekundu na ya manjano, na taa ndogondogo za rangi zile zinazowaka na kuzima. Nilidhani uzuri wa kanisa ni kitu cha kununua, halafu mambo yanaisha. Nilitoka pale nikijiona mtu wa maana.

Mbita nilipata boti ya injini iliyobeba wanunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na marobota ya nyavu. Upepo ulikuwa mkali na nililowa hadi magotini. Nilikumbatia mfuko wangu wa maua kifuani, na mama mmoja akaniuliza kama naenda kuoa. Boti nzima ikacheka.

Remba, saa tisa alasiri. Kisiwa ni mwamba, na juu ya mwamba ni mabati, ukuta kwa ukuta, hata ukipiga chafya jirani anakuitikia. Omena zimeanikwa popote palipobaki nafasi. Jenereta zinanguruma, na kila baa ina muziki wake. Nikajiuliza: hapa, watu wanasali vipi?

Mwenyeji wangu alikuwa Mama Akinyi, mjane anayenunua omena na kutunza kanisa la pale. Padre alikuwa amempigia simu.

"Karibu, Japuonj," akasema, maana Wajaluo ndivyo tunavyomwita mwalimu. "Umebeba nini?"

Nikamfungulia mfuko kwa fahari. Akazishika zile taa, akazigeuza, akaniangalia.

"Taa kama hizi ziko kwa baa zote hapa chini. Watu wetu wakiziona kanisani, si watauliza bia iko wapi?"

Nilicheka, lakini uso ulikuwa unawaka.

Saa kumi na mbili jioni akanipeleka kanisani kwa sala. Kanisa lenyewe ni la mabati, dogo kuliko letu. Nje ya mlango kulikuwa na gambuti zimepangwa, na beseni la maji yenye vipande vya ndimu. Wavuvi walikuja mmoja mmoja, wakasugua mikono na ndimu hadi harufu ya samaki ipungue, wakavua gambuti, wakaingia miguu mitupu. Sakafu ilikuwa safi hadi ungeweza kula ugali juu yake. Kitambaa cha altare kilikuwa kimepigwa pasi ya makaa, hakina hata mkunjo. Tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, ilitengenezwa na fundi wa mashua kwa mbao zilezile za mashua, na kando yake iliwaka taa moja nyekundu, ishara kwamba Bwana yumo.

Hakuna aliyeongea. Muziki wa baa uliingia kupitia mabati kama kawaida, lakini ndani watu walikuwa wamepiga magoti, na jamaa mmoja mwenye mabega kama ya fahali alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Nilimwonea wivu. Jamani, nilimwonea wivu kweli. Nilimkumbuka mama yangu, nikajua kwamba hiki ndicho anachokililia, na mimi ndiye niliyemnyima.

Alhamisi asubuhi Mama Akinyi alifua vitambaa vidogo vilivyotumika kupangusia kikombe cha Misa siku mbili zilizopita. Alikuwa na bakuli jeupe ambalo halifanyi kazi nyingine yoyote. Akavisuuza, kisha akachukua yale maji ya kwanza na kutembea polepole hadi nyuma ya kanisa, mahali palipozungushiwa mawe, akayamimina kwenye udongo.

"Mbona usimwage hapo mtaroni?" nikauliza.

Alishangaa. "Na kama kuna chembe ya Mwili wa Bwana? Iende mtaroni na magamba ya samaki?"

Nikakumbuka kwamba sisi Masara tunapoosha mawe yaliyosagwa, hakuna anayemwaga tope la karai. Tunaliosha tena, na tena. Hata gunia tunalotandika chini maji yapite juu yake, tunalikung'uta taratibu na kulisuuza, kwa ajili ya punje ya dhahabu ambayo hata macho hayaioni. Mtoto akilimwaga tope hilo, atachapwa. Kumbe uchaji tunaujua vizuri sana, ila tumeuelekeza kwenye matope.

Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu. Mama Akinyi aliendelea kuanika vitambaa vyake.

Ijumaa nilirudi, na safari hii sikubishana na mtu kichwani.

Jumamosi niliwaita wachimbaji mlangoni mwa kanisa, nikawaambia magunia yanatoka. Ochieng', mwenye shimo kubwa, akakasirika. "Japuonj, yakiibwa utalipa wewe?"

"Silipi," nikasema. "Lakini yangu yanatoka kwanza."

Nikayabeba mgongoni, yote manne. Baada ya siku tatu mawili yalikuwa yameibwa, na nisidanganye, iliniuma sana. Lakini kina mama walisugua sakafu, na fundi anayetutengenezea ngazi za shimoni alichonga tabernakulo bila kusukumwa. Ochieng' mwenyewe alileta beseni la kunawia mlangoni, akaliweka, akaondoka bila kuniamkua.

Nilimpigia Padre. Akasema atakuja barabara ikikauka. Kisha mvua ikaanza, ikakataa kukoma. Jumapili ya kwanza ikapita, na ya pili.

Mama hakuacha kuomba apelekwe kanisani. Nilimbeba kwenye pikipiki nikiwa nimemfunga kwa leso nisije nikamwangusha, nikamketisha mbele ya tabernakulo. Mlango wa tabernakulo tuliuacha wazi, ili watu wajue bado ni tupu. Akakaa saa nzima, mikono mapajani. Nilimhurumia.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bwana bado hayumo. Hapo kuna kitambaa tu."

"Naona, wuoda. Macho ni mazima." Hakugeuka. "Miaka yote kila nilipofika parokiani, Yeye ndiye alikuwa ametangulia kunisubiri. Niache mara hii mimi nimsubiri."

Nje mashine za kusaga zilikuwa zinanguruma. Nikaketi sakafuni, karibu na miguu yake.