Mzizi Mtamu wa Mbalizi

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwaka mmoja wa miaka ya hamsini kikohozi kilimkamata wiki mbili kabla ya Pasaka. Kwaya nzima ya wageni ilikuwa inakuja kutoka Iringa, na yeye ndiye wa kuanzisha wimbo. Akifungua mdomo, inatoka sauti ya mlango mbovu.

Mama akateremka Mbalizi kwa Mhindi mwenye duka, aliyekuwa na kisanduku cha vidonge vyeupe, vidogo kama ulezi. Alisema vimetengenezwa kwa mzizi mtamu wa kwao. Baba alimumunya kimoja, akakitema.

"Hii peremende. Dawa iwe chungu bwana, mtu ujue umekunywa dawa!"

Kwetu wote waliamini hivyo. Basi Mama akarudi kwa Mhindi, akaomba mzizi wenyewe, akapewa furushi la vijiti vya kahawia. Akawa anavichemsha kwa siri pamoja na majani machungu. Baba akanywa, uso ukamkunjamana.

"Hii ndiyo yenyewe sasa!"

Tatizo lilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mlafi kupindukia, na Mama alificha vijiti kwenye chungu cha mbegu za maharage. Nilianza na kimoja tu. Kufika Jumatano ya kabla ya Pasaka nilikuwa nimevitafuna vyote, mahali pake nimeweka vijiti vya mpera, na kwa ule moshi wa jikoni Mama hakutambua. Siku nne Baba alikunywa uchungu mtupu. Niliona nimeiua sauti yake, nikajichukia.

Siku ya Pasaka alisimama, akakohoa mara moja, akanitazama mimi niliyekuwa nikimwimbia sauti ya pili, akaanza. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilitoka, nasi tukaipokea. Wageni wakaitikia mpaka bati likatetemeka.

"Mzizi wa Mhindi huo," Mama aliniambia baada ya ibada, anacheka. Nikaangua kilio.

Nilikuja kumwambia Baba nikiwa na watoto watatu. Hata hakushtuka.

"Nilijua. Mwanzoni nilisikia utamu kwa mbali kwenye kikombe. Ukapotea, halafu wewe ukaanza kunukia mzizi."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Mama yako angekuchapa, ungelia mpaka ukauke sauti. Mimi ningeimba na nani?"