Mzee aliyemenya muwa kwa kisu cha bosi

Leo nimeponea chupuchupu kufukuzwa kazi kwa sababu ya muwa.

Bosi wangu hukusanya visu vya kutengenezwa kwa mkono. Havijawahi kukata hata kitunguu. Mimi, karani, huvipaka mafuta tu.

Akaja mzee na muwa wake, akaomba kuona kimoja. Nikampa kwa mikono miwili.

Akaanza kumenya muwa!

Mara bosi huyu hapa mlangoni.

"Shikamoo, fundi," bosi akasema.

Kumbe ndiye aliyekitengeneza, kule Olmotonyi.

"Marahaba. Mbona butu? Unakifanyia nini?"

"Nakitunza, mzee."

"Si ungenunua picha yake?"

Kesho nimeagizwa nilete miwa miwili, bosi ajifunze kukata.

Mwenye plasta anitafute, tafadhali.