Broka Alivyongoja Migwani

Juma lililopita nilikuwa Migwani, kwenye foleni ya duka la kutoa kopi. Mbele yangu walisimama mama mmoja na binti yake, aliyekuwa amehitimu majuzi shahada ya uzamili ya biashara. Alitaka kopi za cheti ampelekee mwajiri wake.

Mwenye duka alikishika cheti kwa ncha za vidole, akakisoma chote.

"Na hii masters imekuongezea mshahara, dada?"

"Bado, hata shilingi moja," binti akajibu, macho chini. "Bosi ameniambia ningoje."

Foleni nzima ikaguna kwa huruma. Mama akapiga kaunta kwa kiganja.

"Waambie ile ya ndengu!"

"Mwaitu, wacha," binti alimsihi mama yake.

Mama hakuacha. Alitugeukia, akatueleza jinsi binti huyo alivyowakusanya wanawake wa kanisa lao, wakaweka ndengu zao, yaani choroko, pamoja kwa stoo moja, wakakubaliana asiuze mtu peke yake.

"Miaka yote sisi ndio tulikuwa tunangoja broka aje anunue kwa bei yake. Mwaka huu broka ametungoja sisi! Kwa jua! Ameshika kofia hivi!" Akakutanisha mikono kifuani, akainamisha shingo kwa unyenyekevu.

Tulicheka sote, na binti akacheka mpaka akafuta machozi. Mwenye duka akauliza kwa sauti ya chini kama mambo hayo yanaweza kufanywa kwa mahindi pia.

Wasomaji wengi wa safu yangu huniuliza kama shahada hii inalipa. Bosi wa yule binti bado anafikiria. Broka, nadhani, jibu analo.