Udongo wa Mgombani

Mdogo wangu aliponiomba nimchukulie udongo wa kupima, nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumwambia achukue mwenyewe. Nilikubali kwa sababu aliniomba mbele ya watu, akasema mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, nami nilipenda kusikia hivyo.

Bibi shamba alikuwa ametufundisha pale Kidahwe, sisi wenye mashamba ya mahindi. Utembee shamba zima kwa kupindapinda, uchimbe hapa na pale kina cha shubiri, uchanganye kwenye ndoo safi, kisha utie kiasi kwenye mfuko. Kila shamba na mfuko wake. Watu wa maabara wangetuambia kama naitrojeni iliyomo inatosha, tujue mahindi yanataka mbolea ya kukuzia kiasi gani.

Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa, kwenye mteremko. Mvua ilikuwa imenyesha, matope yananata, kiuno kinaniuma. Nikajiambia ardhi ni moja, baba alitugawia kwa kamba tu. Hata katikati ya shamba langu sikufika. Nilichimba karibu na migomba nyuma ya nyumba, tunapotupa majivu, maganda na samadi ya mbuzi miaka yote. Udongo wa pale ni mweusi, unachimbika bila jasho. Nikajaza mifuko yote miwili, wake na wangu.

Majibu yalirudi mazuri: naitrojeni inatosha, mbolea ya kukuzia iwe kidogo sana. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika magoti.

"Kaka, kumbe tumelalia mali!"

Yurea, ile mbolea ya kukuzia aliyokuwa ameihifadhi ndani, akaenda kuibadilisha kwa mabati sokoni Mwanga, maana mkewe alikuwa mjamzito na nyumba inavuja. Nilimsaidia kupigilia.

Mahindi yalipofika magotini yakaanza kupauka. Majani ya chini yaligeuka njano, kuanzia nchani kuingia katikati. Yangu pia.

"Kaka, si ulisema udongo umeshiba? Mbona haya yana sura ya mgonjwa wa malaria?"

"Subiri mvua itulie," nikamwambia.

Mimi sikusubiri. Yurea yangu ilikuwa bado ndani, nikaiweka shambani kwangu alfajiri, kabla hajaamka. Wakati ule shamba lake bado lingeweza kuokoka. Ningeweza kumweleza ukweli, tukagawana ile mbolea. Niliogopa aibu.

Bibi shamba alipopita alisimama kwenye mahindi ya mdogo wangu, akachuma jani, akatugeukia.

"Shikamoo mzee. Udongo wa hapa ulichukuliwa sehemu gani?"

"Muulize msomi wetu," mdogo wangu akadakia, bado anacheka.

Nikaonyesha migomba yangu. Kicheko kikakatika. Mdogo wangu alitazama migomba, akatazama mahindi yangu, ambayo sasa yalikuwa ya kijani kibichi ng'ambo ya minyaa.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. Hakuniita kaka.

Alivuna magunzi. Yeye na mkewe wakahamia Bangwe, anabeba magunia ya dagaa kwenye mwalo wa wavuvi, na shamba lake limeota nyasi. Mtoto alizaliwa huko, sijawahi kumpakata. Nimekwenda kumwomba radhi zaidi ya mara moja. Hunipa kiti, akaendelea na kazi zake mpaka niondoke. Mara ya mwisho aliniambia nisirudi tena. Kukubali kwangu siku ile, na uvivu uliofuata, na kimya changu, vimenigharimu mdogo wangu, ndugu pekee niliyekuwa nimebaki naye.